Picha ya Ushahidi

Sitaitaja nchi yenyewe. Nikiitaja mtasema, "Aa, kumbe ni kule," mtashusha pumzi na kuendelea na chai yenu. Nisipoitaja, kila mmoja atadhani ni kwao, na hapo ndipo ninapowataka.

Jueni moja tu: nchi yetu inapenda watoto. Inawapenda mpaka inatisha. Ilipoonekana kwamba watoto wanaumia huko mitandaoni, wanatukanana, wanaaibishana, wanajifungia chooni kulia, watu wa nchi nyingine waliketi na watoto wao wakazungumza. Sisi hatuna muda wa mchezo. Sisi tuliunda wizara.

Wizara ya Malezi ya Mtandaoni ina ghorofa sita na lifti moja, nayo imekufa. Mimi ni karani wa dirisha namba nne, Malalamiko ya Watoto. Dirisha langu hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani saa zilezile ambazo watoto wako darasani. Mtoto akitokea saa hizo tunamwandika mtoro na kuijulisha shule yake. Kwa utaratibu huo, mwaka mzima wa kwanza hatukupokea lalamiko hata moja, na Mheshimiwa Waziri akasimama bungeni kutangaza kwamba tatizo limepungua kwa asilimia mia. Wabunge wakampigia meza.

Mheshimiwa anaitwa Kidunda. Hajawahi kushika simu kwa mkono wake, ana msaidizi wa kuishika na msaidizi mwingine wa kumwambia ilichosema. Lakini malezi anayajua. "Mimi nina watoto kumi na mmoja," hupenda kusema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisumbua." Ni kweli tupu. Mmoja wao nimemwona kwa macho yangu, alikuja kumwona baba yake, akapanga foleni kwenye dirisha langu.

Wizara ilitoa pia Mwongozo wa Mzazi, kurasa sitini, unaopatikana mtandaoni peke yake. Wazazi wengi hawakujua kuufungua, wakawapa watoto simu wawafungulie. Watoto wakaufungua, wakasoma mstari wa kwanza unaosema mtoto asipewe simu, wakairudisha kwa adabu.

Halafu ikaja amri ya picha ya ushahidi, na hadithi yangu inaanzia hapo.

Kwetu kazi haijafanyika mpaka ipigwe picha. Semina bila picha ni porojo. Mti uliopandwa bila picha haujapandwa, utang'olewa upandwe tena kamera ikifika. Kwa hiyo ilipoamriwa kwamba kila shule ifundishe Somo la Malezi ya Mtandaoni kila Jumatano, iliamriwa pia kwamba mwalimu apige picha na kuituma siku hiyohiyo. Picha ionyeshe ubao, ubaoni pawe na kaulimbiu ya wizara, na mbele ya ubao awepo mtoto anaiandika, ili ushiriki wa mtoto uonekane. Somo lenyewe lilikuwa fupi: usiruhusu picha yako isambazwe.

Niliwahi kuuliza, kwa ujinga wangu, kama si ajabu kukusanya picha elfu nne za watoto kila wiki ili kuwafundisha watoto kwamba picha zao zisikusanywe. Nikaambiwa hizo si picha, ni ushahidi.

* * *

Mama Sikitu alikuja Alhamisi moja asubuhi. Fundi cherehani, anashona sare za shule pale sokoni, na futi ya kupimia alikuwa nayo shingoni, alisahau kuivua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeleta fomu?"

"Sina fomu. Nina shida."

"Shida huandikwa kwenye fomu," nikamwambia, nikampa. Hakuiangalia. Akaanza kusema, polepole, kama mtu aliyekuwa akiirudia njia nzima ndani ya kichwa.

Binti yake Sikitu ana miaka kumi na minne, kidato cha pili. Jumatano ya wiki iliyopita aliitwa ubaoni kuandika kaulimbiu. MTANDAO SALAMA, MTOTO SALAMA. Mwandiko wake ni mzuri, ndiyo maana aliitwa. Akanyoosha mkono, akaandika. Nyuma yake Mwalimu Chambo akapiga picha.

"Ilikuwa siku yake ya kwanza," mama akasema. "Ya kwanza kabisa, baba, unanielewa? Alikuwa hajui. Sketi niliishona mimi, rangi ya maziwa, rangi mliyoamuru nyie huko serikalini. Mwalimu wala hakuangalia mtoto. Aliangalia kama sentensi imeingia yote."

Nilielewa. Nina mabinti wawili.

Mwalimu akaituma kwenye grupu la Ushahidi wa Wilaya, watu mia mbili na kumi na wawili, wote watumishi wa umma. Mle ndani afisa mmoja, mtu mzima, mwenye mvi na kitambulisho cha kazi kifuani, akaliona doa kwenye sketi. Badala ya kumpigia mwalimu simu aifute, akalizungushia duara jekundu. Akaandika maneno chini yake. Akaipeleka kwenye grupu la marafiki zake wacheke. Mwanawe akaikuta kwenye simu ya baba. Kufika Ijumaa ilikuwa wilaya nzima, imetiwa muziki.

Nataka mnisikie vizuri hapa, maana wizara hadi leo inasema watoto ndio wanaoharibiana. Picha ile ilipigwa na mtu mzima, kwa amri ya mtu mzima, ikatumwa kwa watu wazima, ikachorwa na mtu mzima. Ilipita mikono yote hiyo kabla mtoto hajaigusa.

"Haendi shule mpaka ifutwe," mama akasema. "Amesema, na namjua, haendi. Mtihani wa taifa ni wiki tano zijazo. Asipofanya, hana kidato cha tatu. Nimebonyeza kile kitufe cha kuripoti mara themanini. Kinaniambia asante. Wenye mitandao wanasema wanataka barua ya wizara. Basi nipe barua."

"Barua unapata," nikamwambia, nikafurahi kweli. "Leta nakala saba za picha. Moja yangu, moja ya sheria, moja ya takwimu, moja ya kubandikwa..."

"Kubandikwa wapi?"

Inabidi niwaeleze. Kanuni zetu ziliandikwa na mwanasheria aliyehamishwa kutoka Ofisi ya Ndoa. Kule walizoea kubandika majina ya wachumba ubaoni siku ishirini na moja, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Bwana yule alikuja wizarani na fomu zake zilezile. Akafuta neno "wachumba", akaandika "picha". Kwa hiyo mtu akitaka picha ya mtoto wake iondolewe mtandaoni, picha hiyo hubandikwa kwanza kwenye ubao wa matangazo, pale mlangoni, siku ishirini na moja, watu waione, mwenye pingamizi ajitokeze.

Nilimweleza mama yote hayo.

"Baba, nimekuja muifiche. Nyie mnaitundika."

"Si kuitundika, mama. Ni kuitangaza kwa mujibu wa kanuni."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huuhuu ninaolia chakula.

Akakunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena. Mwisho akauliza kalamu iko wapi. Angefanya nini? Mlango mwingine haukuwepo, na mwenye dirisha nilikuwa mimi. Nikaibandika siku hiyohiyo, kwa pini nne, chini ya tangazo letu la kudumu linalosema USISAMBAZE PICHA ZA WATOTO.

* * *

Kesho yake alirudi na kipande cha kitambaa. Alikishona upindo safi juu na chini, akakitundika mbele ya picha kama pazia la dirisha dogo. Akawa anakuja kila asubuhi kuhakikisha kiko palepale, kisha anakwenda sokoni.

Mimi nilikiona nikanyamaza, na hilo ndilo jambo jema pekee nililofanya katika habari hii nzima. Siku ya sita akashuka Bwana Tegemeo, Mkurugenzi wa Picha na Mahusiano, mtu mwenye suti ya vipande vitatu na sauti ya mwenye kuzindua kitu. Akalifunua pazia kwa ncha ya kalamu.

"Tangazo lililofunikwa si tangazo," akasema. "Hesabu ianze upya."

Ikaanza upya. Siku sita zikaenda hivihivi. Nilipomwambia mama, alikaa kwenye benchi akahesabu kwa vidole vyake vyenye alama za sindano. Zingebaki siku nane kati ya barua na mtihani.

"Zinatosha?" akaniuliza.

"Zinatosha, mama."

"Basi kitambaa nimpe nani?"

Nikakichukua mimi. Ninacho mpaka leo.

Ubao ukapata wageni. Aliyekuja kuuliza pensheni alisimama. Aliyekuja kukwepa mvua alisimama. Mabwana na mabibi wenye heshima zao walisogea, wakainama, wakatikisa kichwa, wakasema dunia imekwisha, kisha wakatoa simu wakaipiga picha ili wakawaonyeshe wenzao jinsi dunia ilivyokwisha. Mlinzi alipewa kiti ili apange foleni. Idara ya Takwimu ikaandika kwamba mwamko wa wananchi kuhusu malezi umeongezeka.

Hakuna afisa hata mmoja, ghorofa ya kwanza hadi ya sita, aliyeuliza mtoto anaendeleaje. Niliuliza mimi, tena kwa kuchelewa, wiki ya pili, mama alipopita.

"Simu ni yangu, ya wateja," akasema. "Mwongozo wenu unasema nimnyang'anye. Nimnyang'anye ili iweje? Wakimkuta kisimani watamwambia mdomoni. Tunakaa wote wawili kwenye mkeka, mchana, nikishamaliza kazi. Tunasoma wanayoyaandika watu. Likija neno baya sana namwambia hili ruka, nisome mimi. Nasoma moyoni, nalifuta, tunaendelea. Mwanzo alikuwa analia. Sasa ananiuliza, mama, huyu kwa nini anaandika hivi na hanijui? Nami sijui, namwambia sijui. Jana tumekuta moja la mtoto wa mbali huko, ameandika, 'Pole dada, na mimi ilinikuta, nikarudi shule.' Akalisoma mara tatu. Akaomba chakula."

"Akala?"

"Akala. Akasema barua ikitoka atakwenda kwenye mtihani. Namshonea sketi mpya. Rangi ya bluu iliyokoza, na mwalimu mkuu akinuna na anune."

Jamani, nimekaa kwenye vikao vya wizara hiyo mpaka makalio yamekufa ganzi. Nimesikia mada za wataalamu, nimesikia maazimio. Sijawahi kusikia mtu akilea mtoto na mtandao kama yule mama na mkeka wake. Nikataka kuyaandika kwenye taarifa ya mwezi. Fomu ina kisanduku cha "Idadi ya semina" na kisanduku cha "Idadi ya picha". Cha mkeka hakuna.

* * *

Siku ya ishirini na moja mama alifika kabla sijafungua dirisha. Amevaa gauni la kutokea. Asubuhi yote hakuja mtu wa pingamizi. Saa sita, hakuna. Saa nane, hakuna. Nikatoa karatasi yenye nembo, nikaanza kuandika barua ili dirisha lisije likafungwa. Nimefika kwenye neno "iondolewe", Bwana Tegemeo akashuka na bahasha.

Pingamizi. Mleta pingamizi: Wizara ya Malezi ya Mtandaoni.

Akalisoma mwenyewe, kwa sauti ile. Picha ni mali ya wizara. Ni ushahidi wa Somo, ikiondolewa itaonekana Somo halikufundishwa. Isitoshe, kamati imepitia picha zote za mwaka na kuichagua hii kuwa bora, kwa mwandiko mzuri wa kaulimbiu, na itapamba bango kuu la Wiki ya Mtoto na Mtandao.

"Mkurugenzi," nikamwambia, "mtoto ana doa."

"Doa gani?"

Nikamwonyesha. Akavaa miwani. Akavua.

"Hicho ni kivuli. Kwenye bango hakitaonekana."

"Bango lina ukubwa gani?"

"Mita sita," akasema, kwa fahari. Kisha akamgeukia mama, akampa mkono. "Mama, hongera. Binti yako ameteuliwa Balozi wa Mtandao Salama. Mwambie ajivunie."

Mama hakuupokea ule mkono. Alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Akauliza, kwa utulivu kabisa, "Baba, barua uliyokuwa unaandika imefika wapi?"

Nikaikunja nikaitia mfukoni. Nilisema nini? Nilisema saa tisa imefika, dirisha linafungwa. Ndiyo. Hivyo ndivyo nilivyomjibu.

* * *

Bango liliwekwa kwenye njia panda ya soko, juu ya nguzo mbili, siku moja kabla ya mtihani. Msichana mkubwa kuliko nyumba, amenyoosha mkono, anaandika. Kivuli cha Bwana Tegemeo kilionekana tangu stendi.

Mama alitumaini Sikitu asilione. Lakini njia ya shule ni ileile moja, naye, ijapokuwa barua haikutoka, alikuwa ameamua kwenda kama yule mtoto wa mbali aliyerudi shule. Asubuhi ya mtihani mtoto alioga, akavaa sketi ya bluu, akachukua kalamu mbili na rula. Mama akamsindikiza hadi kona ya soko, akasimama pale amwangalie akienda, kwa sababu mtoto alimwomba aende peke yake. Akaenda. Alipofika chini ya nguzo akainua macho.

Hakulia, mama anasema. Alisimama kidogo, akageuka, akarudi nyumbani kwa mwendo uleule, akakaa kwenye mkeka na kalamu zake mkononi. Simu hakuitaka. Kuanzia hapo hakuna linalosomwa kwenye mkeka ule.

Adhuhuri, soko limejaa, Mama Sikitu alitokea na ngazi ya wapaka rangi na mkasi wake wa kazi. Akapanda. Hakurarua, yeye ni fundi. Kwanza alitoa chaki, akaupitisha mstari kuzunguka kichwa cha mwanawe, bega, mkono ulionyooshwa, sketi, miguu. Alishuka akaisogeza ngazi, akapanda tena. Kisha akakata, juu ya mstari, bila haraka. Watu wakasimama. Simu zikainuka kama ilivyo desturi.

Akageuka kule juu akasema, "Shusheni."

Wengine walishusha. Wengine, nawaambia, hawakushusha.

Alimtoa mtoto mzima mzima, akamkunja kama anavyokunja kitambaa cha mteja, akamtia kwapani, akaenda zake. Kaulimbiu hakuigusa.

Mheshimiwa Kidunda alizindua Wiki yake hapohapo siku ya pili, maana mahema yalikuwa yameshasimikwa. Watoto mia tatu walipangwa juani tangu saa moja kwa ajili ya picha. Nyuma yake MTANDAO SALAMA, MTOTO SALAMA, na katikati tundu lenye umbo la msichana, unaona paa za maduka upande wa pili. "Balozi wetu," akasema, akinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, "mnamwona hapa." Wakapiga makofi. Mimi pia nilikuwepo, na mikono yangu ilipiga.

Sikitu hajarudi shule. Kwenye daftari la mahudhurio yupo kila siku, kwa sababu Balozi hawezi kuandikwa mtoro. Yuko nyumbani anapiga vifungo vya sare za wenzake. Kampuni za mitandao bado zinasubiri barua. Mwalimu Chambo amepewa cheti. Yule afisa wa duara jekundu amepandishwa, sasa ni mkaguzi wa maadili.

Mama ameshitakiwa kwa kuharibu mali ya umma. Jalada lilihitaji picha ya ushahidi, na kwa kuwa lalamiko lilianzia dirisha namba nne, nikatumwa mimi na simu ya ofisi. Nikaipiga. Nakala saba. Ya nne nimeibandika ubaoni wiki iliyopita, pini nne, siku ishirini na moja, mwenye pingamizi ajitokeze. Kaulimbiu inasomeka vizuri, na chini yake lile tundu, mkono umenyooshwa.

Ni picha ya kwanza ya wizara yetu isiyo na mtoto ndani yake. Mlinzi amerudishiwa kazi yake ya getini, kiti kimebaki kitupu. Watu wanaingia na kutoka, wanauliza pensheni, wanajikinga mvua. Leo ni siku ya nane, na hakuna hata mmoja aliyesimama kuitazama.